Barua ya Wazi: Wanyama Wapya wa Milima Yetu Wanahitaji Makao Nyumbani

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya maliasili, makumbusho, sayansi na elimu ya juu,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: HALI YA SAMPULI ZA WANYAMA NA HATIMA YA SPISHI MPYA ZINAZOGUNDULIWA NCHINI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara mkoani Morogoro. Kazi yangu ni kutunza wanyama waliokufa: vyura, mijusi, nyoka na popo walio kwenye chupa za spiriti, na ngozi za ndege na panya wa porini zilizojazwa pamba na kulazwa kwenye droo. Chuo sitakitaja. Tatizo si la chuo kimoja, na isitoshe mshahara bado nauhitaji. Nimeandika barua za ndani kwa muda mrefu. Nyingine ziligongwa muhuri wa kupokelewa zikaishia hapo. Nyingine zilijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Bosi mmoja, mtu mwema kabisa, aliniuliza: vyura wenyewe wamekwisha kufa, sasa haraka ni ya nini? Haraka ipo, na kwa kuwa milango ya ndani imenishinda, naieleza hapa hadharani.

Milima ya Tao la Mashariki ni mafungu 13, kuanzia Taita nchini Kenya, kupitia Pare, Usambara, Nguru, Uluguru, Ukaguru na Rubeho, hadi Udzungwa. Misitu yake imetengana kwa muda mrefu mno, kila mlima na viumbe vyake, kiasi kwamba zaidi ya spishi 200 za wanyama wenye uti wa mgongo hazipatikani popote duniani isipokuwa humo. Na bado hatujamaliza kuwajua. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark wakiwa kambini Udzungwa waliona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya kitoweo. Alikuwa kwale wa jenasi mpya kabisa, yaani kundi zima la spishi lisilojulikana kabla, akaelezwa rasmi mwaka 1994. Mwaka 2003 kipunji, aina ya tumbili, alionekana na wanasayansi katika Mlima Rungwe. Mwaka uliofuata kundi jingine, lisilojua habari za wenzao, likamwona katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, yapata kilomita 350 kutoka hapo. Mwaka 2005 kamera za kujipiga zilizofungwa kwenye miti ya Ndundulu zilinasa sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko sange wote waliokuwa wakijulikana, akaelezwa 2008. Katika msitu wa Magombera, mtafiti alimshtua nyoka aliyekuwa anakula, nyoka akamtema kinyonga, na kinyonga huyo akawa spishi mpya iliyotangazwa 2009. Novemba 2025 zilitangazwa spishi tatu mpya za vyura wanaozaa badala ya kutaga mayai, wote wa milima hiyo hiyo.

Nchi nyingine zingepata hata mmoja kati ya hao zingemtia kwenye stempu.

Sasa, mnyama haingii kwenye vitabu vya sayansi kwa kuonekana tu. Lazima aelezwe, apewe jina, na jina lifungwe kwa mnyama mmoja halisi, ambaye wataalamu wanamwita holotaipu. Kwa spishi zote zilizotangazwa kuanzia mwaka 2000, kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai mwandishi aitaje holotaipu, na kama ni mwili, ataje umehifadhiwa wapi. Baadaye kukitokea ubishi kwamba chura huyu ni yule au siye, watu hawaendi msituni kwanza; wanarudi kwenye ile chupa. Holotaipu ni kama hati ya kiwanja: unaweza kulima shamba miaka 50, lakini siku ya kesi mwenye hati ndiye anayesikilizwa. Hati zetu zimelala kwa majirani wa mbali, na malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Sampuli zinazobeba majina ya wanyama wetu haziko nchini.

Vyura waliotumiwa na Mjerumani Gustav Tornier, mtaalamu wa wanyama, mwaka 1905 kumwelezea chura wa kwanza anayezaa wako Berlin. Arthur Loveridge, aliyewahi kusimamia makumbusho ya Nairobi na baadaye kufanya kazi katika idara ya wanyamapori ya Tanganyika, alihamia Harvard mwaka 1924, na mizigo mikubwa ya mijusi, nyoka na vyura wa Usambara na Uluguru ikaishia huko. Hayo tuseme ni ya ukoloni. Lakini kwale wa Udzungwa yuko Copenhagen, na huyo ni wa miaka ya 1990. Holotaipu ya sange wa uso wa kijivu iko California. Kipunji alipotangazwa mwaka 2005, maelezo yake yalitegemea picha; mwili wa kwanza kuchunguzwa, wa kipunji mdogo aliyenaswa na mtego wa mkulima, ulipelekwa Chicago, na ndio uliowawezesha wataalamu mwaka 2006 kumuundia jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Tangu mwaka 1923 Afrika haikuwa imepata jenasi mpya ya nyani au tumbili.

Tazameni maana yake kwa kijana wa Kitanzania. Mwanafunzi akimpata Rubeho chura anayedhani ni mpya, hawezi kusema ni mpya mpaka amlinganishe na wale waliokwisha kupewa majina. Ahesabu vidole vyenye utando, apime kichwa, atazame tezi za mgongoni, tena chini ya hadubini, si kwa picha. Wa kulinganisha nao wako Berlin, London na Harvard. Atafute nauli, atafute mwaliko, aombe viza. Namfahamu kijana aliyekuwa na mwaliko mkononi na viza akanyimwa, kwa sababu hakuonyesha fedha za kutosha benki. Chura wake bado yuko kwenye rafu yangu, na lebo yake imeandikwa jenasi tu. Mwenzake wa Ulaya anapanda treni asubuhi, anafungua kabati, na jioni yuko kwake.

Spishi tatu za 2025 zinalithibitisha hili vizuri. Ili kujua nani ni mpya, ilibidi kwanza ijulikane yule wa Tornier ni nani hasa, na ili hilo lijulikane ilibidi vinasaba vitolewe kwenye vyura waliokaa kwenye chupa za Berlin kwa zaidi ya miaka 120. Bila kabati lile, kazi isingekwisha. Nafurahi kwamba John Lyakurwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa waandishi wa kazi hiyo. Ningefurahi zaidi kama kabati lingekuwa Dar es Salaam.

Nisieleweke vibaya. Siwaiti wageni wezi. Wengi wao wamewafundisha vijana wetu kuweka mitego ya ndoo, kutambua sauti za vyura usiku na kuandika lebo isiyofutika. Mwaka 2015 kinyonga mmoja wa Udzungwa na milima ya Livingstone alipewa jina Kinyongia msuyae kwa heshima ya Charles Msuya, Mtanzania aliyefanya kazi ya mijusi na vyura kabla wengi wetu hatujazaliwa. Shida ni kwamba mgeni mwaminifu akiniuliza leo, ndugu, holotaipu hii nikiiacha kwako itakuwepo baada ya miaka 100? — mimi, ninayezijua rafu zangu, siwezi kumtazama machoni. Hapo ndipo linapoingia la pili.

2. Kile kidogo tulichonacho kinaharibika.

Zipo sampuli Dar es Salaam, zipo makumbusho, zipo nyingine zilizotawanyika vyuoni na kwenye vituo vya utafiti. Ninayoweza kuyasemea ni ya rafu zangu, ingawa nikikutana na mafundi wenzangu tunaambiana hadithi ile ile.

Chura huwekwa kwenye spiriti ya asilimia 70. Spiriti hupaa kabla ya maji, kwa hiyo chupa yenye mfuniko uliolegea haipungui ujazo tu. Kinachobaki ndani kinazidi kuwa maji, na mnyama anaoza taratibu huku kwa mbali anaonekana yuko salama. Dawa yake ni kupima nguvu ya spiriti kila baada ya muda, kuongeza, na kubadilisha mifuniko. Mifuniko mizuri haiuzwi Kariakoo, na ya chupa za jemu inapata kutu. Nikiomba spiriti, ombi linapita kamati ya manunuzi, na kila mwaka hakosi mjumbe wa kuuliza kwa kicheko kama itanywewa. Tunacheka wote. Kisha fungu linakatwa nusu.

Ngozi kavu zina adui mwingine, wadudu walao ngozi na manyoya. Ukikuta unga wa kahawia chini ya droo, umechelewa. Kiyoyozi kingewapunguza, kwa sababu hawapendi baridi wala ukavu, lakini kiyoyozi cha chumba changu kilihamishiwa ofisi ya watu walio hai. Vipande vya ini na misuli vinavyohifadhiwa kwa ajili ya vinasaba vinahitaji spiriti kali kuliko ile ya kawaida, au friza isiyozimika. Na nani asiyejua umeme wetu. Vyura wa zamani waliohifadhiwa kwa fomalini wana umbo zuri ila vinasaba vyao ni tabu kuvipata. Wale wapya, ambao vinasaba vyao bado ni vizima, ndio tunaowapoteza kwa kukosa jenereta.

Halafu lebo. Lebo ndiyo roho ya sampuli. Nyoka asiye na mahali, tarehe na jina la aliyemkamata ni nyoka tu. Nimekuta chupa ambazo lebo zilibandikwa nje kwa gundi, zikadondoka, mtu akazikusanya kwa nia njema akazifunga na rababendi juu ya rafu. Ipi ni ya nani? Humo ndani, nina hakika, kuna mnyama ambaye mlima wake umekwisha kukatwa miti, na hatutajua kamwe aliishi wapi.

3. Hakuna ajira ya mtu wa kuainisha wanyama.

Hili ni fupi. Tunafundisha zoolojia, vijana wanahitimu, kisha hakuna nafasi inayomlipa mtu kwa kazi ya kukaa na chupa, kulinganisha, kuelezea na kutoa majina. Aliye hodari wa vinyonga anaongoza watalii. Aliye hodari wa popo anauza dawa za mifugo. Mimi mwenyewe kwenye karatasi za utumishi kazi ninayoifanya haimo. Natambulika kama fundi wa maabara ya kufundishia, na sampuli nazitunza baada ya kuosha vyombo vya wanafunzi. Nikistaafu, hakuna aliyeandaliwa kupokea funguo.

4. Mnyama asiye na jina hana wakili, na mwenye jina bila ulinzi huuzwa.

Kihansi mnaikumbuka. Chura mdogo wa manjano, hafiki sentimita 3, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, eneo la hekta chache tu, wakati ujenzi wa mradi wa umeme wa megawati 180 umekwisha kuanza. Jina alipewa baadaye, ndani ya kazi iliyobeba tarehe ya 1998. Mwaka 2000 mitambo ilipofanya kazi, sehemu kubwa ya maji, karibu asilimia 90, ilielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakakatika. Yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji. Vyura 499 walisafirishwa kwenda Marekani kutunzwa kwenye bustani za wanyama. Mwaka 2003 waliobaki korongoni waliporomoka ghafla, na kuvu inayoshambulia ngozi ya vyura ikaonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 spishi hiyo ilitangazwa kuwa imetoweka porini. Wa kwanza walirudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi.

Wako wanaocheka mpaka leo kwamba tulitumia fedha kwa ajili ya vyura. Mimi naisoma hesabu hiyo kinyume. Umeme tuliuhitaji, sibishani. Lakini kama korongo lile lingepekuliwa na waainishaji wetu miaka 10 kabla ya mchoro wa kwanza wa bwawa, maji ya manyunyu yangewekwa kwenye mchoro tangu mwanzo, na tusingelipa mabomba, ndege, mafriza na mikutano. Gharama kubwa ilitokana na kuchelewa kujua.

Upande wa pili wa jambo hili hausemwi sana. Msitu wa Kimboza, hapa hapa Morogoro, una mjusi mdogo ambaye dume lake ni la buluu ya kung'aa. Loveridge alimwelezea mwaka 1952. Alikaa salama miongo mingi, mpaka wafugaji wa mijusi wa Ulaya walipomtamani. Akakamatwa kwa maelfu, na miti aliyojificha ikakatwa ili apatikane. Kuanzia 2017 biashara yake ya kimataifa ya mijusi wa porini imepigwa marufuku. Waliomtangaza nyoka wa pembe aitwaye Atheris matildae mwaka 2011 walikuwa wamekwisha kujifunza: mahali alipopatikana hawakupataja. Nawaunga mkono. Ila niulize, siri hiyo inatunzwa na nani kwa niaba ya Watanzania? Kama ramani ya mahali anapoishi nyoka wetu iko kwenye kompyuta ya mtafiti peke yake, siku mtafiti akiondoka duniani au akibadili kazi, siri inakwenda naye au inavuja. Hazina ya Taifa ya sampuli ingekuwa pia mahali pa kufungia taarifa kama hizo.

5. Waliomjua mnyama kwanza hawaonekani.

Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na habari za kipunji kabla ya darubini yoyote kumwelekea, na ni maneno yao yaliyowafanya watafiti wamtafute. Jina lao limebaki, na hilo ni jema. Lakini mpishi wa ile kambi ya Udzungwa, aliyekuwa na kwale sufuriani? Mwongoza njia aliyemwonyesha mtafiti mti ambao vinyonga hulala usiku? Mara nyingi anaishia kwenye mstari wa shukrani, kama yupo. Mwaka 2022 vinyonga wadogo sita wa misitu yetu walipata majina. Mmoja wao anamkumbuka Wayne Lotter, mhifadhi aliyeuawa Dar es Salaam mwaka 2017, na hilo ni haki yake. Mwingine anabeba jina la msanii wa Marekani. Kanuni zinamruhusu mwandishi kuchagua jina, na sina ugomvi na msanii. Naona tu kwamba vijiji vinavyoilinda misitu hiyo vingeulizwa, vingekuwa na majina ya kutosha.

Waheshimiwa, nayajua majibu nitakayopewa, kwa sababu karibu yote nimekwisha kupewa.

Nitaambiwa sampuli ziko salama zaidi nje. Mifupa ya kwanza ya Spinosaurus, mnyama wa kale mkubwa aliyefukuliwa jangwani Misri na kuelezwa mwaka 1915, ilipelekwa Munich kwa usalama huo huo. Aprili 1944 mabomu yaliiteketeza yote, zikabaki picha na michoro. Makumbusho ya Berlin yenyewe, yanayotunza vyura wa Tornier na mijusi mikubwa ya kale ya Tendaguru, yalipigwa bomu mwaka 1945, na ubawa mmoja wa jengo ulikaa gofu mpaka ulipojengwa upya mwaka 2010. Moto nao haukagui pasipoti: makumbusho ya taifa ya Rio de Janeiro yaliungua mwaka 2018 baada ya miaka ya kunyimwa fedha za matengenezo. Mfano huo wa mwisho unanihusu mimi kuliko unavyowahusu ninyi, maana ninalala karibu na mapipa ya spiriti. Siombi jengo la kukata utepe kisha lisahauliwe. Afadhali lisijengwe.

Nitaambiwa hakuna fedha. Nairobi kuna chama cha wapenda viumbe kilichoanza mwaka 1909, na kutokana nacho yakakua makumbusho ambayo leo watafiti kutoka kila bara huja kutazama ndege na wadudu wake. Kenya haikusubiri itajirike kwanza. Walianza na kabati, wakaliongezea.

Nitaambiwa picha na vipimo vyote viko mtandaoni siku hizi. Picha nzuri inasaidia, nami nazitumia. Picha haikuruhusu kumgeuza mnyama ukahesabu magamba ya tumboni, wala kuchukua kipande cha misuli kwa swali ambalo leo hakuna aliyelifikiria. Tornier hakujua neno vinasaba. Vyura wake ndio waliolijibu swali hilo.

Na nitaambiwa, kwa tabasamu, kwamba watalii hawaji kuona vyura, wanakuja kuona simba na twiga. Basi tumzungumze twiga. Agosti 2025, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, lilikubali kwamba twiga si spishi moja bali nne. Mnyama wa Taifa letu ni wa spishi ya Wamasai, anayehesabiwa sasa peke yake. Idadi ya twiga wa Afrika Kusini au Namibia haiwezi tena kuficha kupungua kwake. Uamuzi huo ulitokana na vinasaba na mafuvu. Ni kazi ile ile ninayoifanya kwa vyura, na safari hii imemgusa Mnyama wa Taifa mwenyewe.

Baada ya kusema hayo, ninayoomba ni haya.

(a) Itambuliwe kisheria hazina moja ya Taifa ya sampuli za wanyama. Isiwe lazima kujenga upya. Anzeni na mahali palipo na makusanyo tayari, mpaongezee chumba cha spiriti kinachostahimili moto, friza zenye jenereta, na fungu la bajeti lenye jina lake ambalo halikatwi kwenye kamati ya manunuzi.

(b) Kila kibali cha kukusanya wanyama kiwe na sharti lililo wazi: spishi mpya ikielezwa kutokana na sampuli za Tanzania, holotaipu ihifadhiwe Tanzania. Hazina ikiwa bado haijawa tayari, iwepo tarehe ya kuirudisha iliyoandikwa kwenye mkataba wa kusafirisha sampuli. Na mwanafunzi wa Kitanzania asizungushwe ofisi nne kuomba ruhusa ya kukamata chura wa mlima wa kwao huku msimu wa mvua ukipita.

(c) Kwa sampuli za zamani, siombi meli ya kurudisha kila chupa. Naomba ianzishwe orodha ya wazi ya kila mnyama aliyeelezwa kutoka nchi hii na mahali sampuli yake ilipo, tupate nakala za picha na vinasaba, kisha mazungumzo ya kurudisha yaanze na zile chache ambazo wataalamu wetu wanazihitaji kila siku. Vyura wa Tornier wawe juu ya orodha.

(d) Ziundwe nafasi za ajira za waainishaji na watunza sampuli kwenye muundo wa utumishi wa umma, hata zikianza chache. Na waongoza njia na wanavijiji wanaowezesha ugunduzi waandikwe kwa majina kwenye lebo na kwenye machapisho, wakiridhia.

(e) Kabla ya mradi wowote mkubwa kwenye misitu ya Tao la Mashariki, tathmini ya mazingira ihusishe ukusanyaji wa sampuli kwa misimu yote miwili, ya mvua na ya kiangazi, na sampuli hizo ziletwe kwenye hazina kabla ripoti haijasainiwa. Chura wa mvua humwoni Septemba, na ripoti nyingi nilizopitisha mkononi zimeandikwa Septemba.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, na makadirio yanaandaliwa mapema kuliko hapo. Ombi (a) na (d) yanahitaji kuingia kwenye makadirio yajayo. (B) na (c) yanahitaji kalamu tu. Naomba jibu la maandishi, na kwa kuwa barua hii ni ya wazi, naomba na jibu liwe la wazi. Kamati yoyote ikitaka kuja kukagua rafu, nitaifungulia siku yoyote ya kazi, na nitaonyesha chupa zenye lebo na zile za rababendi vilevile.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi sanifu na mtunza sampuli,
Morogoro.

Nakala:
Kamati za Bunge zinazohusika na maliasili na elimu;
Wahariri wa magazeti;
Wahadhiri na wanafunzi wa zoolojia nchini;
Serikali za vijiji vinavyopakana na misitu ya Udzungwa, Uluguru, Ukaguru na Rubeho.